Mikono Nyuma

Katika nyumba ya Papa Zéphirin, kule Kamalondo, watoto wote wanapita salon, chumba cha wageni, mikono nyuma. Sheria hiyo haikuandikwa ukutani. Iliandikwa kwa mkanda.

Salon ina bufe, yaani kabati ya vioo. Ndani yake kuna sahani za wageni, glasi za wageni na termosi ya wageni. Wageni wenyewe hawafiki. Juu kabisa, ndani ya kitambaa cheupe, inalala tarumbeta.

Jumamosi asubuhi mke wake, Mama Perpétue, alikuwa anapangusa vumbi. Mjukuu wao Glodie, msichana wa miaka tisa, alipita mikono nyuma kama mfungwa mdogo. Akasimama mbele ya kioo, akamwita babu yake.

"Nkambo, ile tarumbeta inalia namna gani?"

"Inalia muzuri," Papa Zéphirin alijibu kutoka kwenye kiti chake. "Kuangalia, ndiyo. Kugusa, hapana."

"Na weye utaipiga siku gani?"

"Siku ya wageni."

"Wageni wa nani?"

Mama Perpétue akaangua kicheko. "Mujibu mutoto, prezida! Wageni wa nani?"

Papa Zéphirin alikuwa prezida wa komite ya wazazi kwenye shule ya Glodie. Hakucheka.

Zamani alipiga tarumbeta katika fanfari, ile bendi ya kampani. Wazee wanakumbuka. Mkubwa akifika kutoka mbali, fanfari ilisimama juani tangu asubuhi kumngojea. Lakini kabla ya kushika chombo, kijana alikaa miaka miwili mbele ya ubao. Alinakili do-re-mi kwa chaki. Vyombo vilifungwa kwa kufuli. Aliyegusa kabla ya siku yake alipigwa fimbo kwenye vidole. Zéphirin alipigwa mara tatu.

Halafu kampani ikarudisha watu nyumbani bila kazi, na fanfari ikafa. Zéphirin akapewa tarumbeta yake kama asante ya miaka ishirini. Asante gani hiyo! Mtu ametoa pumzi yake yote, anapewa chuma. Akaileta nyumbani, na kufuli la wakubwa akalileta pia, na fimbo. Ndivyo tulivyorithi wengi wetu. Tulimchukia bwana, tukatunza kufuli lake.

Mwanawe Aristote alikuwa na miaka tisa siku alipopanda kwenye kiti na kuitwaa ile tarumbeta. Alipuliza mara moja tu. Sauti ikatoka mpaka barabarani. Baba akaingia na mkanda.

Leo Aristote ni dereva. Anaendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Kivu, kati ya Kolwezi na Kasumbalesa. Tangu mke wake alipofariki, Glodie anakaa kwa wazee. Aristote akija kumwona, anakaa nje kwenye ngazi ya mlango. Anakula hapo, anacheka na mtoto hapo, anaaga hapo. Salon haingii. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza sababu. Baba yake aliijua.

Wiki iliyofuata Anselme, fundi wa kushona aliye jirani na shule, alikuja mbio.

"Prezida, masomo imekuwa soko! Kila siku ya ine batoto beko napiga makopo na machupa. Ile mwalimu mupya, Madame Dorine, anasema ni somo ya muziki. Mashini yangu inashona ku mupigo yao!"

"Muziki gani ya makopo?" Papa Zéphirin alikasirika. "Batoto hawajue hata noti moja! Nitaenda kufunga hiyo fujo."

Siku ya nne, yaani Alhamisi, akavaa koti. Akafika darasani na kusimama kwenye mlango wa nyuma. Hakuna aliyemwona.

Watoto walisimama wamezunguka darasa, kando ya ukuta. Miguu yao ilikuwa inapiga chini, moja-mbili, moja-mbili, polepole. Madame Dorine alikuwa na kalindula, gitaa la nyumbani la kopo la mafuta na ubao, lenye nyuzi za waya wa breki. Kingo za kopo alizikunja vizuri, zisikate vidole. Kalindula ilikuwa moja kwa watoto hamsini. Ilizunguka mkono kwa mkono. Kila mtoto alipiga kidogo, miguu ya wenzake ikamshika asianguke. Aliyekosea hakuchapwa. Mwalimu alisema tu, "Sikia miguu, anza tena." Naye akaanza tena.

Kalindula ikamfikia Glodie, aliyesimama karibu na mlango wa nyuma, amempa babu yake mgongo.

"Unipite, Madame," Glodie alisema. Mikono yake ilikuwa nyuma.

"Eh! Glodie hana mikono!" mvulana mmoja akapiga kelele. Darasa likacheka.

"Nyamaza weye," Madame Dorine alisema. "Glodie, mama, juu ya nini haupige?"

"Kwetu hatugusake."

Watoto walimwona Glodie usoni. Uso ulikuwa umekauka. Papa Zéphirin alisimama nyuma, naye aliona kingine. Aliona vidole vitatu vya mkono wa kulia vikipiga kwa siri kwenye kiganja cha kushoto. Havikukosa mpigo hata mmoja. Vilikwenda chini na juu, kama vidole vya mtu aliye na tarumbeta.

Mgongo ule aliujua. Aristote alisimama vilevile baada ya mkanda, mikono nyuma. Siku ile baba hakwenda kuangalia nyuma yake.

Kengele ya mapumziko ilipolia, Madame Dorine alimkuta prezida ameketi kwenye dawati la watoto.

"Karibu, papa prezida. Wamekwambia tunapiga kelele?"

"Nilikuja kuifunga," alisema. "Sema, mwalimu. Juu ya nini hauanzie ku noti? Siye tulianza na ubao. Miaka mbili."

"Na mulikuwa bangapi kuanza?"

"Makumi ine."

"Na mulimaliza bangapi?"

Papa Zéphirin alihesabu moyoni. "Kumi na moja."

"Papa, kuna mutoto amejifunza kupika bukari mu kitabu? Anashika mwiko. Bukari ya kwanza inakuwa na mabonge, tunaikula vile. Muziki iko vilevile. Mwili kwanza: mikono, miguu, sauti. Halafu kopo, chupa ya maji, kalindula. Noti inakuja nyuma, wakati mutoto yeye mwenyewe anauliza, 'Madame, tutaandika hii namna gani?' Hapo hasahau."

"Na somo zingine?"

"Mutoto mwenye kungojea zamu yake na kusikia mwenzake, unafikiri anasumbua mu hesabu? Njoo uangalie." Akaonyesha ofisi ya mkuu wa shule. "Vyombo vya masomo biko. Ngoma mbili na filimbi kumi, mu kabati ya direkta. Zinangojea inspekta. Miaka sita."

Shule ngapi ziko hivyo? Ngoma zinaliwa na mchwa zikingojea mgeni, na watoto wanapiga madawati kwa vidole, wanachapwa.

"Glodie anajua," Papa Zéphirin alisema. "Vidole vyake binajua."

"Niliona pia siku ingine, papa. Vidole biko tayari. Anangojea ruhusa, na haiko ya kwangu."

Jioni, kabla ya chakula, Papa Zéphirin alifungua bufe. Mama Perpétue akaacha mwiko kwenye sufuria na kuja kuangalia. Mzee akafungua kitambaa, akabonyeza pistoni ya kwanza kati ya zile tatu za kubadilisha sauti. Haikushuka. Ya pili vilevile, na ya tatu. Tarumbeta ilikuwa inang'aa kama mpya, nayo ilikuwa imekufa ndani.

"Kutunza kwangu ndiko kumeiua," alisema. Akachukua koleo.

"Weka chini hiyo koleo!" Mama Perpétue akamshika mkono. "Kila kintu kwako ni nguvu! Weye mwenyewe ulikuwa unasema: maji ya vuguvugu, sabuni, mafuta, halafu kungoja."

Wakangoja siku tatu. Pistoni mbili zikaachia. Ya tatu ilikataa, na mpaka leo inakataa.

Papa Zéphirin alimwita Glodie. Mtoto akaja, mikono nyuma.

"Leta mikono, nkambo," mzee alimwambia mjukuu wake.

Glodie alimwangalia bibi yake kwanza.

"Leta," mzee alirudia. "Nilikosea. Chombo kinaguswa. Kisipoguswa kinakufa."

Mikono ikatoka taratibu, wa kushoto, halafu wa kulia.

Siku hiyo walishika kinywa cha tarumbeta, kile kipande cha kupulizia, peke yake. Mzee alimwonyesha kutetemesha midomo mpaka ilie kama nyuki. Robo saa tu kwa siku, kwa sababu midomo ya mtoto inachoka upesi. Mwisho wanaosha kinywa kwa sabuni na kutia pistoni mafuta. Kila siku ya nne Papa Zéphirin anakwenda darasani, anakaa na watoto, anapiga miguu pamoja nao. Komite ilikutana, na kabati ya direkta ikafunguliwa. Ngoma moja ilikuwa imeoza. Nyingine inalia. Anselme bado analalamika, lakini mguu wake unakanyaga mashini kwa mpigo wao.

Mwisho wa muhula Aristote alipiga simu kutoka parking ya Kasumbalesa.

"Papa, mumeweka radio gani hiyo?"

"Haiko radio. Ni mutoto wako."

Aristote akapaza sauti juu ya honi za malori.

"Nani alimuachia?"

"Ni miye."

"Nilikuwa na miaka tisa, papa."

"Najua."

"Miaka tisa."

"Najua, mutoto wangu. Nilikuchapa sababu ya chuma, na chuma yenyewe niliacha ife. Pistoni moja haitarudi."

Aristote hakusema amesamehe. Alisema tu, "Mwambie arudilie."

Jumapili iliyofuata lori lilisimama kando ya barabara kubwa, na Aristote akaja kwa miguu. Papa Zéphirin alitoa kiti nje, kama kawaida. Aristote hakukaa. Alipita ngazi, akaingia salon, akasimama mbele ya bufe iliyo wazi. Mwanaume wa miaka karibu makumi ine, ndevu usoni, mikono nyuma.

Glodie alimaliza wimbo wake. Ulikuwa wimbo mfupi wa pistoni mbili. Akafuta kinywa cha tarumbeta kwa kitambaa cheupe, akamnyooshea baba yake.

"Shika, papa. Inaguswa."

Papa Zéphirin aligeuka kuangalia ukuta. Nyuma yake alisikia mtu akivuta pumzi.

Aristote alitoa mkono mmoja kwanza.