Bwanangu Alisema Ni Mimi Nilipaka Hiyo Bampa

"Weka mkono wake juu ya meza!"

Grinda ilikuwa inanguruma tayari...

Wanaume wawili wakanishika, mmoja shingo, mwingine mkono wa kulia. Wakaubandika kwa ile meza ya chuma tunafanyia kazi kila siku. Lemein akashusha grinda mpaka nikasikia upepo wa diski kwa vidole vyangu.

Na mnajua nani alikuwa amesimama kwa gate akiangalia tu?

Kiema. Bwanangu wa ndoa. Wa kanisani, na shela, na keki!

"Ni yeye," akasema, akininyooshea kidole. "Mimi ni wa kuchomelea tu. Rangi yote ya hapa ni ya Mukai. Ni yeye alipaka hiyo bampa."

Haki ya Mungu, nilisahau hata grinda. Niliangalia mdomo wa huyo mwanaume nikashindwa ni huyu nimempikia asubuhi ama ni mwingine.

Ngoja kwanza niwaeleze, msipotee.

Mimi na Kiema, wazazi wa Nthambi, tuko na gereji Kitengela, nyuma kidogo ya Namanga Road. Injini hatugusi. Kazi yetu ni vitu vya magari ya porini: bampa nzito za chuma, kerea za mizigo za juu, ngazi za pembeni. Kiema anachomelea, mimi napaka powder coat, ile rangi ya unga unapulizia kwa chuma halafu unaoka kwa oven mpaka inashikana kabisa.

Ikifanywa poa, utauza gari na rangi bado iko. Ikifanywa ovyo, inavimba, inatoka maganda, na huko chini kutu inakula chuma bila haraka.

Kwa hivyo chuma ya zamani lazima ipigwe mchanga kwanza. Kompresa inarusha mchanga kwa nguvu mpaka kutu yote inaisha. Hapo ndio unaona penye pameoza, unakata, unaweka chuma mpya.

Shida ni moja. Kompresa yetu haikuwepo.

"Nimeipeleka Nairobi kwa fundi," Kiema aliniambia. Kila nikiuliza, "Spea haijafika, mama." Na mimi na kichwa yangu kubwa nikaamini! Nikakataa kupaka kitu yoyote ya zamani mpaka irudi.

Sasa Lemein. Huyu ni mfugaji wa huko Kajiado, mtu wa heshima zake, ng'ombe mpaka unachoka kuangalia. Alileta bampa mbili za Land Cruiser yake, ya mbele na ya nyuma, zimeanza kutoka maganda. Mimi nilikuwa mji wa Wote, huko Makueni, kwa matanga ya shangazi. Niliporudi, kazi ilikuwa imeisha na imeenda. Sikuambiwa chochote.

Halafu siku moja Land Cruiser ikakwama kwa laga, ule mto mkavu wa mchanga, wakipeleka mbuzi sokoni. Lori likafunga mnyororo kwa pete ya mbele, ile pete nene ya kuvutia iko kwa bampa. Katoo, ndugu mdogo wa Lemein, alikuwa amesimama hapo mbele akiwaelekeza.

Pete ikang'oka.

Chuma na mnyororo zikampiga Katoo uso mzima. Taya ilivunjika. Jicho la kushoto... wacha tu. Halikuokolewa.

Sasa mnaelewa kwa nini Lemein alikuwa na grinda.

"Lemein, niskize!" nikapiga nduru. "Mimi sikuwa hapa! Nilikuwa matanga!"

"Bwana yako anasema ulikuwa."

"Anadanganya!"

"Mama Nthambi, ndugu yangu amelala hospitali akiuliza kwa nini upande mmoja ni giza." Akasogeza grinda. "Nimwambie nini? Eeh? Nimwambie nini?!"

Grinda ikagusa.

Woiyee! Sikuwahi jua mtu anaweza kunusa nyama yake mwenyewe. Ngozi ya nyuma ya mkono ilifunguka, damu ikaruka mpaka kwa shuka Lemein alikuwa amejifunga. Nikalia mpaka jirani wa kuuza mabati akafunga duka. Kiema hakusonga hata hatua moja!

"Angalia pete!" nikalia. "Angalia pete iliyong'oka kabla ukate! Tafadhali!"

Akainua grinda kidogo. Mwanaume mmoja akaleta ile pete, bado iko na damu ya Katoo.

"Ona hapo ndani," nikasema. "Mimi natundika bampa kwa oven na matundu ya bolti, huko nyuma. Mahali ndoano inagusa rangi haishiki, na kutu inaanzia hapo. Hii ilitundikwa na pete yenyewe. Ni Kiema hutundika hivyo. Kila siku tunagombana juu ya hiyo!"

Lemein akageuza pete. Akamwangalia Kiema.

Kiema akacheka. Alicheka, jamani!

"Mzee, atasema chochote. Si anaokoa mkono?"

"Ni kweli," Lemein akasema. "Mimi sijui mambo ya ndoano."

Grinda ikarudi chini.

Hapo ndio macho yangu yakaangukia Land Cruiser yake hapo nje. Bampa ya nyuma bado iko. Na karibu na pete ya kuvutia, rangi imevimba vipele-vipele. Nikajua mara moja. Hiyo ni fila, ile putty ya kuziba mashimo! Mtu amejaza shimo la kutu na fila, akapaka juu. Fila ya kawaida haiwezani na moto wa oven. Inaficha wiki kadhaa, halafu inaachilia.

"Bampa zote mbili zilipakwa siku moja?" nikauliza.

"Siku moja," Lemein akasema.

"Na mtu mmoja?"

"Ni wewe!" Kiema akadakia.

"Sawa. Ni mimi." Kiema akashtuka. "Kila mtu Kitengela anajua kazi ya Mukai ni safi. Pikapu yetu imekwama kwa matope hapo nyuma tangu mvua. Ivute na pete ya nyuma. Ikishika, ya mbele ilikuwa bahati mbaya. Ikikatika, kata mkono wote. Lakini Kiema akae kwa usukani wa pikapu."

Kiema akarudi nyuma kidogo.

"Kwa nini mimi?" Kiema akauliza.

"Si mtu lazima ashike usukani? Na mimi nitakaa kando yako. Si sisi ni mtu na bibi yake?"

Lemein alikuwa anamwangalia vile mtu anaangalia ng'ombe anashuku ni mgonjwa.

"Panda," akamwambia.

"Mzee, mimi mgongo unanisumbua..."

Rungu ikampata kwa goti. Kwaa! Akaanguka, wakamwinua, wakamtupa ndani ya pikapu. Mimi nikapanda mwenyewe, mkono umefungwa na kitambaa, damu inadondoka kwa sketi.

Wakafunga mnyororo. Lemein akawasha Land Cruiser.

"Baba Nthambi," nikamwambia polepole. "Sema tu."

"Nyamaza."

"Hiyo chuma ikitoka, inakuja kwa kioo. Unajua. Umeona Katoo."

"Nyamaza, Mukai!" Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwa kidevu.

Mnyororo ukaanza kunyanyuka kutoka kwa matope... ukanyooka... ukalia krrr...

"USIVUTE!"

Kiema akapiga mlango teke, akajirusha nje kwa matope!

"Usivute! Hiyo pia imeoza! Ni fila! Ni mimi niliweka fila!"

Lemein hakusikia, ama hakutaka kusikia. Mimi nilikuwa nimeshalala chini kwa miguu ya kiti.

PAAA!

Pete ikatoka na mnyororo wake, ikapita kwa kioo, ikaingia kwa kiti cha dereva mpaka springi zikatoka nyuma. Vipande vya kioo vikanijaa kwa nywele. Ningekuwa nimekaa, mngekuwa mnasoma matangazo ya kifo saa hii.

Na mwanaume yangu aliruka peke yake. Hata hakunivuta mkono!

Nilipotoka, Lemein na watu wake walikuwa wameshampata Kiema. Rungu, mateke, ngumi. Meno mawili niliyaona kwa matope.

"Kwa nini hukupiga mchanga?!" Lemein alikuwa analia akimpiga. "Kwa nini?!"

"Ningepiga na nini?" Kiema akabweka, damu imemjaa mdomo. "Kompresa iko Tuala! Iko kwa Cindy!"

Kila mtu akaacha kumpiga.

Cindy. Yule dada wa kutuletea rangi. Kumbe spea haikuwa inangojwa. Kulikuwa na gereji nzima inafunguliwa Tuala, na kompresa yangu, na bwanangu. Nilikuwa nimebaki tu mimi kuondolewa, na nikikatwa mkono singepaka rangi tena.

Lemein aliinua rungu ya mwisho, ya kichwa. Nilishika mkono wake na huu wangu wa damu.

"Ukimuua, Katoo atabaki na jicho moja na ndugu kwa jela. Wacha polisi."

Alilia kama mtoto, huyo mzee. Akaketi kwa matope.

Polisi wakaja, na Kiema ako ndani. Lemein pia aliandikisha statement juu ya mkono wangu, na wazee wa kwao wakamtoza mtamba wa ng'ombe kama fidia yangu, ndiye huyo anakula nyasi nyuma ya oven. Kompresa nilienda kuichukua mwenyewe Tuala, na OCS, mkubwa wa kituo cha polisi, kando. Cindy mwenyewe ndiye alitufungulia gate.

Funzo langu ni hili, na silisemi juu ya magari peke yake: ukiona rangi imevimba, usipake ingine juu ukisema itatulia. Kwangua mpaka chini, hata kama unaogopa kile utapata. Mimi niliona vipele kwa ndoa yangu nikavipaka, na karibu vinikate mkono.

Jana Kiema alipiga simu kutoka remand.

"Mukai, njoo useme ilikuwa makosa ya kazi. Tafadhali. Wewe ni bibi yangu."

Nikaangalia mkono, nyuzi bado ziko.

"Mimi ni wa rangi tu, Kiema," nikamwambia. "Wewe umeoza chuma."

Nikakata, nikarudi kuwasha oven.