Mbuke Asimama Mkutanoni

Kila asubuhi Mbuke alimpakia binti yake, Esta, kwenye baiskeli. Alimfunga kwa khanga ili asianguke. Kisha aliisukuma baiskeli hadi shuleni.

Esta alikuwa na miaka saba, na alisoma darasa la kwanza. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba tangu utotoni, kwa hiyo alitembea kwa gongo. Kutoka kitongoji chao cha Nyamigogo hadi shuleni ni kilometa saba. Kwa gongo, Esta asingefika.

"Umechoka, mayu?" Esta aliuliza. Kwao, mama huitwa mayu.

"Nichoke nina nini?" Mbuke alijibu huku jasho likimtiririka. "Wewe soma tu."

Kiangazi waliweza. Mvua zilipokolea, hawakuweza. Maji yalijaa mbugani, kwenye bonde la kuvukia kwenda shule, na udongo mweusi ulinata kwenye magurudumu. Februari nzima Esta alikaa nyumbani. Watoto wengine wadogo nao walikaa. Walikuwa wengi, maana machimbo ya dhahabu yalikuwa yameleta familia nyingi Nyamigogo. Watu waliongezeka, lakini shule ilibaki kule kule mbali.

Jumatatu moja Kalisti, mtoto wa mchimbaji, alijaribu kuvuka mbuga. Maji yakamzoa. Bahati nzuri Ngusa, mume wa Mbuke, alikuwa karibu akichunga ng'ombe wake. Aliruka majini akamvuta mtoto kwa shati. Kalisti alitoka akitetemeka, daftari lake amelikumbatia kifuani.

Jioni Mbuke alimwambia mumewe, "Baba Esta, tunasubiri mpaka afe mtoto?"

"Tutafanya nini?" Ngusa alisema. "Shule inajengwa na serikali."

"Basi nitaifuata serikali huko iliko."

Kesho yake alipanda bodaboda hadi mji mdogo wa Katoro, kisha akapanda basi hadi ofisi za halmashauri. Alisubiri tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika, karani alimsikiliza vizuri, halafu akamuuliza, "Mama, muhtasari wa mkutano wa kijiji uko wapi?"

Mbuke hakujua muhtasari ni kitu gani. Alirudi nyumbani amenyong'onyea.

Wiki iliyofuata pikipiki ilisimama uani kwake. Alikuwa Mwamvua, afisa elimu wa kata. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kutafuta watoto wasiofika shuleni.

"Shikamoo, mama Esta."

"Marahaba. Karibu kigoda." Mbuke alikuwa akikata viazi vitamu vya kupika. Aliendelea kukata huku akimsimulia safari yake yote ya mjini.

Mwamvua alisikiliza hadi mwisho. "Hukukosea kudai shule," alisema. "Ulianzia mwisho tu. Jambo kama hili linaanzia hapa hapa kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Mkikubaliana, mtendaji wa kijiji anaandika mliyoamua. Maandishi hayo ndiyo muhtasari. Yanakwenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri."

"Halafu halmashauri inajenga?"

"Mnasaidiana. Ninyi mnaweza kuinua kuta, halmashauri ikaezeka na kuleta walimu. Mnaweza kuanza na shule shikizi. Hiyo ni shule ndogo iliyo chini ya shule kubwa, lakini iko karibu na watoto."

"Na mkutanoni anasema nani? Wazee?"

"Kila mkazi mwenye miaka kumi na minane au zaidi. Wewe pia."

"Kiswahili changu kinakwama, dada."

"Kikikwama, sema Kisukuma. Watakuelewa."

Kesho yake Mbuke alimwomba mwenyekiti wa kijiji aiweke shule kwenye ajenda. Siku ya mkutano watu walifurika. Mbuke aliketi nyuma na akinamama wenzake. Ajenda ya shule ilipofika, mzee Masele alisimama wa kwanza.

"Wenye watoto wengi ni wachimbaji," alisema. "Leo wapo, kesho dhahabu ikiisha wamehama. Sisi tuwajengee shule?"

Watu wakanung'unika. Wengine walipiga makofi. Mbuke alinyoosha mkono, akasimama.

"Shikamoo, mzee Masele."

"Marahaba."

"Kalisti ni mtoto wa mchimbaji. Maji yalipomzoa, hayakuuliza kwao ni wapi." Kiswahili kikamkwama. Akaendelea kwa Kisukuma, na sauti yake ikapata nguvu. "Esta wangu ni wa hapa hapa. Babu yake amezikwa hapa. Mwezi mzima amekaa nyumbani, sawa na Kalisti. Mimi siombi shule ya wenyeji wala ya wageni. Naomba shule ya watoto. Tena mlango wake usiwe na ngazi. Nataka mwanangu aingie darasani bila kubebwa."

Ndipo Ngusa, ambaye hakuwahi kusema mkutanoni, akasimama. "Shamba langu la dengu liko juu, maji hayafiki. Chukueni hapo kiwanja."

Mwenyekiti akauliza wanaokubali ni akina nani. Mikono ikanyooka kila upande. Mkono wa mzee Masele ulinyooka mwishoni, lakini ulinyooka.

Mvua zilipokwisha, kazi ilianza. Wachimbaji walichimba msingi kwa siku moja, wakicheka kwamba safari hii hawatafuti dhahabu. Wenyeji walifyatua tofali. Akinamama walisomba maji na mchanga. Siku moja Mbuke alimkuta fundi akipanga ngazi mlangoni.

"Fundi, tulisema mteremko."

"Mama, ngazi tatu tu."

"Hata moja. Mteremko umo kwenye muhtasari." Fundi akabomoa.

Kuta zilikamilika Agosti, kisha zikakaa miezi mitatu bila paa. Wapita njia walianza kutania. Mbuke hakukaa kimya. Alikwenda na Mwamvua kwenye kikao cha kata, akamwomba diwani awasemee halmashauri. Novemba mabati yakafika. Wathibiti ubora wa shule walikuja, wakapima madarasa na vyoo, wakaridhika. Januari wakaletwa walimu wawili, Athanas na Aneth.

Siku ya kwanza Nyamigogo nzima ilijaa uwanjani. Kalisti alikuwa mstari wa mbele. Esta alifika chini ya mteremko, akalikita gongo lake. Mbuke akanyoosha mikono kumshika.

"Niache, mayu," Esta alisema. "Naweza."

Akapanda polepole, hatua kwa hatua, hadi ndani. Mbuke alibaki uwanjani, kidevu juu. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. Kando yake Ngusa alikuwa akimwambia kila mtu, "Yule ni binti yangu. Na huyu ndiye mama yake."

Mwezi wa pili wanawake watatu wa kijiji cha jirani walikuja kwa Mbuke. Watoto wao nao walikuwa wamezuiwa na maji.

"Tumesikia mmejenga shule," mmoja alisema. "Tunataka kwenda mjini kuomba ya kwetu. Utupeleke."

Mbuke, aliyekuwa akimenya viazi, akaweka kisu chini, akawasogezea vigoda.

"Mjini bado," alisema. "Kaeni kwanza. Mkutano wenu wa kijiji ni lini?"