Ngazi za Kupandia na Beseni Kichwani

Dufie wa Kumasi alikuwa hodari wa kutia vitambaa rangi. Kila asubuhi alijaza beseni vitambaa vilivyolowa, akajitwika, akaenda kuvianika uani. Mbuzi wa jirani walivikanyaga kabla havijakauka. Vumbi nalo halikuwa na adabu. Basi yeye na mumewe Opoku walipoanza kujenga nyumba, Dufie alitaka kitu kimoja tu: paa bapa la zege la kuanikia, na ngazi za kumfikisha huko na beseni lake kichwani.

"Uani nawaachia mbuzi," alisema. "Mimi nahamia juu."

Siku moja walikwenda kutazama kazi. Zege la paa lingemwagwa kesho yake. Ngazi zilikuwa tayari. Dufie alipanda kwa furaha, lakini alipopita katikati, paji la uso likagonga ubao. Mafundi walikuwa wamepanga mbao za kubebea zege juu ya ngazi. Walikuwa wameacha uwazi kwa nusu tu ya ngazi.

"Opoku, hii ni ngazi au mtego wa panya?"

Opoku alikunjua ramani. "Usinilaumu mimi. Tazama, ngazi zimeishia hapa, penye mstari huu wa mshazari. Nikamwambia fundi aache uwazi wa kiasi hicho hicho."

Kweli, ngazi zilichorwa nusu. Dufie aliingiwa na hofu. Zege likishakauka, majuto ni mjukuu.

"Tukamuulize aliyechora," alisema.

"Kesho zege, leo unataka darasa?"

"Kuuliza si ujinga, bwana. Twende."

Mchoraji alikuwa jirani yao, Serwaa. Walimkuta akibambua karanga. Alipowasikiliza, alicheka hadi karanga zikamwagika.

"Shemeji, ngazi hazijaisha. Ni ramani iliyokatwa."

Akawasha kompyuta. "Ukitaka kuona ndani ya sufuria, unafunua kifuniko, unachungulia. Nyumba ni hivyo hivyo. Hapa nimeikata usawa wa kifua cha mtu. Vidato vya chini vinaonekana. Vya juu vimeondoka na kifuniko. Mstari wa mshazari unasema ngazi zinaendelea, na mshale unaonyesha upande wa kupandia."

"Na vidato vilivyobaki?" aliuliza Dufie.

"Viko kwenye karatasi ya pili, ya paa. Pale ngazi zinaonekana zote, pamoja na uwazi wake."

Opoku alijikuna kisogo. "Ile nilidhani ni nakala."

"Mume wangu ni msomaji hodari," alisema Dufie, "wa ukurasa wa kwanza."

Serwaa alibonyeza tena, na nyumba nzima ikasimama kwenye kioo. "Ngazi ni zile zile. Nilitaja urefu kutoka sakafuni hadi paani, programu ikagawa vidato vilingane, mtu asijikwae. Sasa naikata kwa ubavu, kama mkate."

Akaweka zege na uwazi kama Opoku alivyoagiza, akachora na mtu kwenye ngazi. Mtu huyo akapanda, kichwa kikazama ndani ya zege. Akarudisha uwazi wa kwenye ramani. Mtu akapita vizuri.

"Huyo hana mzigo," alisema Dufie. "Mtwike beseni langu."

Serwaa alichora beseni juu ya kichwa cha yule mtu. Likagonga ukingo wa zege.

"Hapo nilikosea mimi, dada. Sikukuuliza utapanda na nini. Nafasi ya kichwa hupimwa wima, kutoka ncha ya kidato hadi zege la juu. Na anayejitwika hupimwa na mzigo wake."

Akarefusha uwazi hadi beseni likapita bila kugusa kitu. Akachapisha picha ile ya ubavu.

Fundi alinung'unika alipoambiwa asubiri. Lakini alipoiona picha, alivuta nyundo mwenyewe. "Mngenipa hii tangu mwanzo," alisema, akaanza kung'oa mbao. Zege likamwagwa siku ya pili yake.

Walipohamia, Dufie alijitwika beseni lililojaa hadi juu. Alipanda kidato baada ya kidato, shingo imenyooka, mikono ikining'inia kwa raha, akatokea kwenye jua. Hakuna kilichomgusa. Alifurahi mno hata akacheza kidogo, na beseni kichwani.

Nyuma yake Opoku, ambaye ni mfupi kuliko mkewe, alikuja ameinama karibu kutambaa.

"Nyanyuka, mume wangu," alisema Dufie. "Kwenye ngazi zangu hainami mtu."