Sauti ya Lusweti

Harufu ilianzia kwenye sweta ya shule ya Mitchel. Zilpah aliifua, akaianika juani uani kwake Shirere, akaipiga pasi, na binti yake alipoivaa kesho yake ikanuka tena. Haikuwa jasho, wala nguo iliyokauka vibaya. Ulikuwa uvundo mtamumtamu wa mahindi yaliyoshika unyevu yakaota ukungu, uvundo unaokaa kooni hata ukinywa maji.

Zilpah aliujua. Aliunusa siku walipomtoa Lusweti.

Zilpah alikuwa afisa wa wafanyakazi katika kiwanda cha unga nje ya mji wa Kakamega. Yeye ndiye aliyeajiri na yeye ndiye aliyefukuza. Lusweti alikuwa kibarua wa kupakia magunia, mtu wa Malinya, mpole, ambaye siku nyingine aliingizwa ndani ya silo, lile pipa refu la bati la kuhifadhia mahindi, avunje yaliyogandamana. Siku ile aliomba kamba ya kujifunga kiunoni. Meneja, Bwana Kiptoo, akamwambia malori yanangoja. Mahindi yalipoanza kuteremka yalimvuta naye, yakamfunika kiuno, kifua, mdomo. Watu wakamsikia akigonga bati kutoka ndani. Zilpah pia alisikia, maana dirisha la ofisi yake lilielekea huko. Kiptoo akakataa kuzima mashine hadi lori lililokuwa likipakiwa lijae. Kugonga kukaendelea, kukapungua, kukaisha.

Kiwanda kilikuwa kinawania zabuni ya kuuzia shule za bweni unga, na kifo kazini kingeiharibu. Kwa hiyo mke wa marehemu, Phoebe, alipofika langoni akilia, Zilpah ndiye aliyetumwa. Alimkalisha, akampa chai, akamshika mkono, akamwambia kwamba Lusweti hakuwa kazini siku hiyo. Eti aliruka ua kuja kuiba, akatumbukia.

"Kampuni imeamua kutoisumbua familia," akamalizia kwa upole.

Phoebe akainamisha kichwa kwa aibu. Akasema, "Asante, Madam."

Mahindi yale yalisagwa wiki hiyohiyo. Zabuni ikapatikana.

Sasa harufu ilikuwa imehamia kitandani kwa Mitchel, kwenye nywele zake, kwenye pumzi yake. Mtoto akaanza kukohoa vumbi jeupe. Daktari akampima kifua asione kitu. Mchungaji akaja na waumini, wakaimba, wakaomba kwa sauti kubwa, na walipokuwa wakivaa viatu waondoke Mitchel akacheka, cheko zito lisilotoshea kifua cha mtoto wa miaka tisa.

Alasiri moja, mvua ya kila siku ikiwa imeanza na nyumba imeingia giza, Mitchel aliinua kichwa kwenye kochi.

"Mama, huyo mtu wa kwa tangi anagonganga nini?"

"Mtu gani?"

"Huyo. Sikia."

Zilpah akasikiliza. Ngo. Ngo. Ngo. Kwenye bati la tangi la maji, kutoka ndani. Akajiambia ni mvua. Lakini mvua haichoki hivyo, haitulii kidogo kama mtu anayetafuta pumzi kisha ikagonga tena kwa kiganja kilicholegea. Alipogeuka kumwangalia mtoto, Mitchel alikuwa ameketi wima, macho yamegeuka meupe, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamume.

"Madam, naomba kamba."

Winrose, karani wa kiwandani, mtu wa Mumias, ndiye aliyewapeleka kwa Maalim Zubeiri. Mzee huyo alimsomea mtoto kisomo kirefu, akamnusa mikono, kisha akawatoa wote nje akabaki na Zilpah.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Kibarua wetu. Ni yeye, sivyo? Amekuja kulipiza?"

"Hapana. Maiti hana haja na wewe, amepumzika. Hili ni jini. Lilikuwa likikaa kwenye giza la mle ndani, likamwona mtu akifa, likaonja hofu yake. Lakini jini haliingii kwa watu bila jina. Sasa niambie, jina la yule maskini mlilifanyia nini?"

Zilpah akavuta mkoba wake karibu.

"Mlimvua jina lake," Maalim akasema. "Mkalitupa. Jini likaliokota, likalivaa, likakufuata hadi nyumbani. Mama Mitchel, mimi nikilifukuza leo litarudi kesho. Nenda kwa watu wake. Simama mbele yao useme alikufa akifanya kazi yenu. Ukishamrudishia mwenyewe jina lake, hili halitakuwa na la kuvaa."

"Na nisipoweza?"

"Litazidi kujaa ndani ya huyo mtoto mpaka pumzi yake ikose nafasi."

Zilpah alimpigia Kiptoo simu akiwa bado Mumias. Kiptoo alimsikiliza hadi mwisho.

"Sema," akamwambia. "Lakini mimi sikuongea na yule mama. Uliongea wewe. Ukiwa korokoroni, huyo mtoto atalelewa na nani? Na wale wote wanaokula kupitia kiwanda hiki, utawaandikia kazi wapi? Fikiria kama mtu mzima, Zilpah."

Hata hivyo Zilpah alikata shauri kwenda Malinya. Alitoa nguo ya kanisani, akaiweka kitini, akajaribu maneno mbele ya kioo. *Mama, mume wako hakuwa mwizi.* Kila alipofika kwenye neno *mwizi* alikatiza, akaanza upya. Aliwaza nyuso za watu wa Malinya wakimtazama, polisi, picha yake kwenye simu za watu, wazazi wa shuleni wakimnyooshea kidole, na kadiri alivyowaza ndivyo nguo ile pale kitini ilivyozidi kufanana na mtu mwingine aliyeketi akimngoja, mtu ambaye hakutaka kuwa yeye.

Mvua ikaanza. Harufu ikajaa chumba kizima, ikapanda ukutani, ikaingia kwenye chai aliyoishika, na kule kugonga kukaanza tena, safari hii si kwenye tangi bali chini ya sakafu, kisha ndani ya kabati, kisha, alipokimbilia kitandani kwa binti yake na kumkumbatia kwa nguvu zote, akakusikia kukitoka kifuani kwa mtoto, ngo, ngo, ngo, polepole kama mtu anayeishiwa, huku punje za mahindi zikimtoka Mitchel mdomoni moja baada ya nyingine zikianguka shukani, na midomo yake ikigeuka rangi ya jivu.

"Mwache," Zilpah akanong'ona. "Mwache, nakuomba."

"Hapa ni padogo, Madam," sauti ikasema, kwa heshima ileile ya Lusweti. "Nami sipendi kubanwa. Nionyeshe mlango mwingine."

"Mlango gani?"

"Unaujua. Pale nitakapokaribishwa."

Alijua. Alijua kabla hajaulizwa, na jambo la kutisha kuliko yote ni kwamba hakusita. Alilieleza jini njia ile aliyompitisha Phoebe siku ile kwa gari la kampuni, taratibu, kama anavyomwelekeza mfanyakazi mpya: upite soko la Malinya, ushuke kwenye uwanja wa kupiganisha mafahali, nyumba ya udongo yenye mlango wa buluu, mke wa Lusweti anaitwa Phoebe, watoto wawili, wadogo.

"Bisha tu," akasema. "Sema ni wewe. Atafungua."

Mitchel akavuta pumzi ndefu, akalia kilio cha kitoto. Harufu ikatoweka kana kwamba mtu ameibeba. Zilpah akakunja nguo ya kanisani, akairudisha kabatini.

Mvua za msimu ule zilikuwa zimekwisha Osiako, mlinzi wa lango, alipompigia simu ofisini.

"Madam, kuna mama wa Malinya. Anasema lazima akuone."

Zilpah akashuka. Phoebe alikuwa amesimama langoni, amekonda hadi mifupa ya mabega imetokeza, amevaa nguo safi, anatabasamu kama bibi harusi.

"Mulembe, Madam. Sijakuja kusumbua. Nimekuja kusema asante, kwa vile ulinitendea utu siku ile." Akamsogelea, akateremsha sauti. "Amerudi."

"Nani?"

"Baba watoto. Alibisha wakati wa mvua, nikajua sauti yake. Watu wanasemanga nimeshikwa na kichaa, lakini mimi mume wangu si ninamjua? Hataki taa. Hataki tufungue dirisha. Anapendanga watoto walale naye, mmoja huku, mmoja huku." Tabasamu likatetemeka kidogo, kisha likatulia. "Yule mdogo aliacha kuamka Jumanne. Baba yake anasema nimwache tu alale, amechoka."

Osiako aliwatazama wote wawili. Nyuma yao lori lilikuwa likipakiwa unga wa shule, na vijana wakiimba juu ya magunia.

Zilpah alifungua mdomo. Kila neno alilolihitaji lilikuwepo, na lilikuwa fupi.

"Nimefurahi kwa ajili yenu," akasema. "Msalimie."