Spana Isiyoshika Nati

Mama alikodisha magari mawili kwa wageni waliotaka kujiendesha wenyewe. Siku za likizo mkaguzi nilikuwa mimi: gurudumu la akiba, jeki, spana ya magurudumu, maji. Nati za magari yale zilitofautiana kidogo tu, kwa hiyo mama aliweka sharti: spana haitiwi alama kwenye orodha ya ukaguzi mpaka ijaribiwe kwenye nati.

Asubuhi ile niliona spana imo kwenye mfuko wake ndani ya gari, nikatia alama. Niiname kwenye tairi lenye vumbi nikiwa na gauni safi, rafiki yangu ananisubiri? Thubutu!

Waliokodi walikuwa mwalimu na mumewe, ambao walikuwa hawajawahi kuendesha nyikani. Mama aliwaketisha ofisini.

“Kila mkikuta kituo cha mafuta, jazeni, hata kama tangi lina nusu. Giza lisiwakute njiani. Gari likiharibika, msiliache. Na mkifika, saa nane hivi, nipigieni.”

“Tumekuelewa, dada,” alisema mwalimu.

Saa nne mama alinituma stoo nilete ndoo. Juu ya rafu nikaiona spana yenye namba ya gari lililoondoka! Jana yake fundi wetu alizitumia zote mbili, zikabadilishana. Nikaisukuma chini ya gunia, nikajiambia kwamba matairi hayapasuki kila siku. Kwa rafiki yangu sikwenda tena.

Saa nane ikapita. Saa tisa mama akapiga. Simu yao haikupatikana. Alipiga tena na tena, akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani.

“Labda wamenogewa na twiga, dada,” fundi alitania.

Nilimwogopa mama, lakini niliogopa zaidi ile barabara. Nikaenda kuitoa spana, nikaiweka mezani. “Mama, sikujaribu.”

Alinitazama. “Umejua tangu lini?”

“Saa nne.”

“Kwa muda wa saa tano umekaa kimya?” Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Tuliondoka watatu na gari la pili. Lami iliisha, kisha nyumba zikaisha, kisha mtandao. Jua lilikuwa linashuka. Mahali fulani fundi alipunguza mwendo, akaonyesha mchanga. Nyayo za simba zilikuwa zimekatiza barabara.

“Mbichi hizi,” alisema kwa sauti ndogo.

Mbele kidogo tuliliona gari limeinamia upande mmoja, tairi limepasuka. Hapakuwa na mtu. Kisha nikaona miguu ya mwanamume imenyooka chini, upande wa kivuli, nikapiga kelele. Miguu ikajikunja, na mwalimu akainuka nyuma ya gari.

Mumewe alikuwa amefungwa mkono kwa kitambaa chenye damu. Spana ilikuwa ikiteleza kila alipojaribu kulegeza nati, mwishowe ikamchana kiganja. “Alitaka kutembea akatafute msaada,” mwalimu alisema. “Nilimshika shati. Nilimwambia, yule dada alisema tusiliache gari.” Akatugeukia. “Nani alilikagua?”

Fundi akatazama chini. Mama akanigeukia, akiniachia nijibu mwenyewe.

“Ni mimi,” nilisema. “Nisameheni.”

Mama akanipa spana. Nikapiga magoti mchangani na gauni langu, nikaanza kulegeza nati, fundi akinisaidia zile ngumu. Gurudumu lilipokaa sawasawa, mama alichuchumaa kando yangu.

“Kutojaribu spana ni uvivu, mwanangu, na uvivu tutauponya kwa kazi. Lakini ulipojua, simu yao ilikuwa bado inapatikana. Ungesema saa ile ile, wangesimama kituo cha mafuta wakatusubiri. Kosa lililosemwa hupata watu wa kulirekebisha. Lililofichwa huendelea na safari peke yake, na hujui litamkuta nani.”

Nyuma yetu, ndani ya vichaka, kitu kizito kilinguruma. Mama aliinuka upesi, akafungua mlango.

“Ingieni nyote,” alisema. “Twendeni.”