Amefika Kazini

Asubuhi ya pili baada ya mazishi, kompyuta kuukuu ya sebuleni ililia mara moja. Mama mkwe akainua uso. "Amefika kazini," akasema.

Mjane akageuka kuitazama kompyuta. Mlio huo marehemu aliutengeneza kwa ajili ya mama yake, aliyekuwa hatulii mpaka ajue mwanawe amefika salama. Marehemu na mkewe walikuwa mafundi wa mitandao katika ofisi moja. Swichi ya ofisi, kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, ilirekodi kila tukio, naye akaiagiza ipeleke nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kila tundu la waya wa meza yake linapowaka. "Mama ana wivu kukushinda," alikuwa akimtania mkewe.

Sasa mezani pa marehemu ofisini hapakuwa na kompyuta. Mjane alikwenda kuangalia. Waya ulikuwa umechomolewa na kukunjwa, lakini taa ya tundu lake ilikuwa ikipepesa kijani, na kabati la swichi lilinuka udongo mbichi.

Mlio ukawa unakuja kila asubuhi. Mama mkwe akaacha kulia, kisha akaacha kula. "Nitakula naye akirudi." Mashavu yakambonyea.

Mganga aliyeitwa hakukubali hata kuketi. Aliinusa kompyuta, akamvuta mjane pembeni.

"Huyo si mumeo," alinong'ona. "Ni jini, limejifunza hodi yake. Linakuja kwa kuwa lina pa kupokelewa. Lifungie njia, la sivyo bibi huyu litaondoka naye."

"Na kama ni yeye kweli?"

"Mwanangu, mlimzika nani?"

Siku hiyohiyo mjane alikaa mbele ya swichi, akaifuta anwani ya kompyuta ya nyumbani. Ilibaki amri moja, ya kuhifadhi, ili swichi isirudie mipangilio ya zamani ikizimika na kuwaka tena. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Naye pia, kila asubuhi, alikuwa akiusubiri mlio ule. Akainuka, akaondoka bila kubonyeza.

Nyumba ikawa kimya. Mama mkwe akalia upya, akaanza kunywa uji, kijiko kimoja kimoja. Kisha Jumamosi moja mchana umeme ukakatika mji mzima, ukarudi, na kompyuta ya sebuleni ikalia mara mbili.

"Mbona mara mbili, mkwe wangu?"

Mjane alisoma kioo cha kompyuta. Tundu la meza ya marehemu lilikuwa limewaka, kisha likazimika. Marehemu hakuwahi kuagiza mlio wa kutoka.

"Imesema nini?"

"Ametoka kazini, mama."

Bibi akaanza kuinuka, akitengeneza kanga yake kichwani kama mtu anayetarajia mgeni, na harufu ya udongo mbichi ikapenya chini ya mlango, ikatambaa sakafuni mpaka miguuni pao, na nje hatua zikaja polepole, zikasimama kizingitini.

Mjane akasimama kati ya mama yule na mlango. "Usifungue, mama. Nakuomba."

Nje mtu akakohoa, kikohozi kilekile cha mumewe, na mkono wa mjane ukaenda wenyewe kwenye komeo.