Dole Gumba la Don Casimiro

Maiti yenyewe ilikuwa ya kidole kimoja. Kilikuwa cheusi, baridi, kimeshonwa kwenye mkono wa kulia wa don Casimiro Ajhuacho, msimamizi wa mgodi aliyekatwa dole gumba na baruti.

"Juzi nilimtoa kidole cha mguu, nikakipandikiza hapa," Daktari Iturralde alimwambia Inspekta Nemesia Colque kwa hasira. "Jana asubuhi kilikuwa chekundu, kina joto. Leo kimekufa. Mtu amekiua."

"Kidole kinauawaje, daktari?"

"Huku Potosí juu milimani hewa haba, damu zetu nzito kama uji. Ukiunga mshipa mwembamba kama uzi, inaganda humo humo. Kwa hiyo nilimtoa mifuko miwili ya damu, nikamwekea maji ya chumvi iwe nyepesi. Mifuko niliihifadhi kwenye friji. Haimo! Na damu yake imekuwa nzito tena."

Wodi nzima ilikuwa imempongeza don Casimiro kwa mashavu yake kurudi kuwa mekundu. Nemesia nusura acheke. Potosí, wekundu huo ndio afya.

"Jana aliachwa peke yake saa ngapi?"

"Labda saa nne asubuhi. Saa ya salteña."

Saa hiyo mji mzima hula salteña, andazi la nyama lenye mchuzi ndani, nalo huliwa la moto. Jana mhudumu alikuwa amewanunulia wauguzi sita, kila mmoja yake. Nemesia alifungua droo zao moja moja. Ya tatu ilikuwa na salteña nzima, ya jana, haijaumwa hata kidogo. Droo ilikuwa ya muuguzi Eulogia Choquevillca.

"Ulikuwa unaumwa, dada?"

"Sikuwa na njaa."

"Usinichezee, mimi mzaliwa wa hapa. Wenzako walikuwa uani wanakula. Wewe ulikuwa wapi?"

Eulogia alikunja aproni yake taratibu.

"Nilikuwa namrudishia mali yake."

"Damu?"

"Mifuko yote miwili. Niliipasha joto kwapani asije akashtuka. Nikafunga na yale maji. Yeye anakoroma tu."

"Kwa nini?"

"Baba yangu alifukiwa mgodini, miaka kumi na moja sasa. Huyu aliapa shimoni hamna mtu, akatia dole gumba kwenye karatasi ya polisi. Dole hilohilo! Wakaacha kutafuta. Shimo lilipokuja kufunguliwa, kucha za baba zilikuwa zimekwisha kwa kukwangua mwamba. Leo nimlindie dole jipya? Thubutu!"

"Unajuta?"

"Najuta alikuwa amelala."

Nemesia alimfunga pingu. Ilimuuma, na hakuficha. Kisha akaingia wodini, akafunga mlango.

"Don Casimiro, siku ile shimoni mlikuwa na mtu?"

Mzee aligeukia ukuta.

"Aliyekiua kidole chako amekwisha kusema. Zamu yako."

"Tulimsikia akigonga," alisema mwishowe. "Siku mbili. Kufukua kungesimamisha kazi mwezi mzima, Inspekta."

Nemesia aliandika neno kwa neno, akaiweka karatasi juu ya blanketi.

"Nitatiaje sahihi, mama? Sijui kuandika, na dole sina."

"La kushoto unalo," alisema Nemesia, akafungua kidau cha wino.